Mafuriko na Maisha ya Watu katika Bonde la Rufiji

Katika vitabu vingi vya jiografia mafuriko huwekwa katika sura moja na ukame, nzige na matetemeko ya ardhi, na mwanafunzi huulizwa njia za kuyazuia. Swali hilo likipelekwa kwa mkulima wa bonde la chini la mto Rufiji, jibu lake huenda likamshangaza mtahini. Mkulima huyo huyaogopa mafuriko yanayopita kiasi, kama watu wote. Lakini huuogopa vile vile mwaka ambao mto haukupanda kabisa. Uchumi wake, kuanzia mpunga na mahindi hadi samaki, umejengwa juu ya maji ambayo hutoka katika kingo za mto wakati wa masika na kurudi tena. Makala haya yanaeleza jinsi uchumi huo unavyofanya kazi, jinsi ulivyowapanga watu katika nchi, na hali inayoukabili tangu mto huo ulipozibwa kwa bwawa kubwa mwezi Desemba 2022.

Bonde zima la Rufiji lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 177,000, karibu sehemu moja katika tano za nchi kavu ya Tanzania Bara. Maji yake hukusanywa na mito mitatu mikubwa. Kilombero na Luwegu hukutana na kuufanya mto uitwao Rufiji, na Ruaha Mkuu huingia baadaye, kabla maji hayajapita katika korongo la mawe ambalo kwa muda mrefu liliitwa Stiegler's Gorge. Hapa pana jambo ambalo mwalimu anaweza kulitumia darasani. Ruaha Mkuu una karibu nusu ya eneo lote la bonde, lakini huleta asilimia 15 tu ya maji. Kilombero una chini ya robo ya eneo, nao huleta asilimia 62 hivi. Sababu si ukubwa wa nchi bali ni mvua: Ruaha hupita katika nyanda kavu za Usangu na mipakani mwa Dodoma na Iringa, na Kilombero hupokea mito inayoshuka kutoka milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Njombe, ambako mvua ni nyingi. Mtu akitazama ramani peke yake atadanganyika.

Baada ya korongo mto huingia katika nchi tambarare na kuelekea bahari ya Hindi, mwendo wa kilometa 180 hivi. Katika tambarare hii mto hauna njia ya kudumu. Hula ukingo mmoja na kuujenga mwingine, huacha mikono mikuukuu iliyokufa, na hutandaza udongo wa mfinyanzi na wa mchanga kwa mpango ambao wenyeji huujua shamba kwa shamba. Pembezoni, upande wa kaskazini na wa kusini, pana ardhi iliyoinuka kidogo, ya kichanga, ambayo maji hayaifikii. Ardhi hiyo huota mikorosho na mihogo, lakini rutuba yake haiwezi kulinganishwa na ile ya bondeni. Tofauti hii baina ya bonde lenye rutuba lakini lenye hatari, na miinuko iliyo salama lakini maskini, ndiyo iliyoongoza makazi ya watu wa Rufiji kwa vizazi vingi.

Kalenda ya maji

Mkulima wa Rufiji huanza kazi mwezi wa Novemba au Desemba, mvua za kwanza zinapoanguka. Hupanda mpunga katika sehemu za chini, na mahindi katika sehemu zilizoinuka kidogo, mara nyingi akiyachanganya. Mahindi huvunwa kabla maji hayajaja. Mpunga hubaki, nao huwa katika mashindano: lazima uwe umekwisha kusimama vizuri mto unapoanza kupanda, kwa kawaida kati ya Machi na Aprili. Mbegu za kienyeji zilichaguliwa kwa sifa hiyo, kwani shina lake hurefuka kadiri maji yanavyoongezeka. Mafuriko yakija mapema, mche mchanga huzama na kuoza. Yasipokuja, mpunga hukauka ukiwa unachanua, kwa kuwa mvua peke yake mara nyingi haitoshi.

Maji yanapoanza kurudi mtoni, kuanzia Mei au Juni, kilimo cha pili hufuata. Huitwa mlau. Ardhi iliyofunikwa na maji imelowana hadi ndani kabisa, na juu yake pamelala tope jipya lililoletwa na mto kutoka mamia ya kilometa. Mkulima huufuata ukingo wa maji jinsi unavyorudi nyuma, akipanda mahindi, kunde, maboga, na zamani pamba pia. Mazao hayo hukua wakati wa kiangazi, bila mvua, kwa unyevu uliohifadhiwa ardhini, na huvunwa katika miezi ambayo sehemu kubwa ya nchi imekwisha kukauka.

Ni muhimu kuuelewa uhusiano uliopo baina ya misimu hii miwili. Mafuriko makubwa yanayouharibu mpunga mwezi wa Aprili ndiyo yale yale yanayolowesha eneo kubwa zaidi kwa ajili ya mlau. Aliyepoteza gunia za mpunga huwa na matumaini ya kupata gunia za mahindi miezi minne baadaye. Mwaka wa mafuriko madogo, mlau hupungua lakini mpunga huweza kufanikiwa. Kwa hiyo mkulima hakutegemea msimu mmoja, wala shamba moja. Kila familia ilijaribu kuwa na vipande katika udongo na vimo mbalimbali. Wataalamu wa uchumi huiita hali hiyo kugawanya hatari. Watu wa Rufiji waliigawanya bila kampuni ya bima. Mwaka uliowashinda kweli ni ule ambao maji hayakutoka mtoni kabisa, kwa kuwa huo huvunja misimu yote miwili.

Samaki nao wamo katika hesabu hiyo. Pembeni mwa tambarare pana maziwa ya kudumu, kama vile Mtanza, Zumbi, Ruwe, Uba na Lugongwe. Maziwa haya hayana chemchemi kubwa za kuyalisha. Yanategemea mto uyafikie kwa njia ya mifereji ya asili. Mto unapopanda, maji mapya huingia pamoja na samaki, na nyasi zilizozama huwa mahali pa kuzalia na malisho ya vifaranga vya perege na kambale. Baada ya mwaka wa mafuriko mazuri uvuvi hustawi kwa muda mrefu. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yaliyajaza maziwa hayo sana, na katika miaka kadhaa mikavu iliyofuata yalipungua hata baadhi yake yakawa na maji kidogo mno. Samaki aliyekaushwa kwa moshi ndiye kitoweo cha kijijini, na ndiye fedha ya daftari na sare za shule.

Mbele zaidi, mto hugawanyika katika matawi mengi na kuingia baharini kwa njia ya delta yenye misitu ya mikoko ya hekta zipatazo 53,000. Huko maji baridi na maji ya chumvi husukumana kila siku. Watu wa delta hulima mpunga mahali ambapo maji baridi hushinda, na huvua kamba ambao huanza maisha yao katikati ya mizizi ya mikoko. Boriti za mikoko zilisafirishwa kwa majahazi hadi Unguja, Arabuni na Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi, na nyumba za kale za miji hiyo zina upana wa vyumba unaolingana na urefu wa boriti. Baada ya mafuriko ya mwaka 1978 sehemu kubwa ya maji baridi iligeukia matawi ya kaskazini ya delta. Wakulima wa mpunga wakayafuata, nao wakaanza kukata mikoko ya upande huo ili wapate mashamba. Mto ulihama, na watu wakahama nyuma yake.

Watu, vita na makao mapya

Katika karne ya kumi na tisa bonde hili liliuza nafaka kwa miji ya pwani, pamoja na sandarusi iliyochimbwa katika ardhi ya miinuko. Biashara hiyo ilivurugwa na utawala wa Wajerumani, ambao ulitaka pamba. Pamba ilidai mikono ya watu katika miezi ile ile ambayo mashamba ya chakula yaliidai. Haikuwa ajabu kwamba vita vya Maji Maji vilianza mwezi Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, kusini tu mwa mto, wala kwamba Kinjikitile Ngwale alikaa Ngarambe, karibu na bonde hilo, watu wakimwendea kwa mamia. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Kisha ikaja vita kuu ya kwanza ya dunia, ambayo ilipigwa hata ndani ya delta, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa humo mwaka 1915. Majeshi yaliyopita bondeni baadaye yalichukua chakula na wapagazi. Mtu asomaye takwimu za idadi ya watu wa kusini mashariki ya Tanzania asisahau kwamba msingi wake ulikwisha kupunguzwa mara mbili katika miaka kumi na tano.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata yalianzia kwa mto wenyewe. Mwaka 1968 mafuriko yaliharibu mazao na nyumba nyingi, na Serikali ikaamua kwamba watu waondolewe bondeni na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa katika ardhi ya juu. Operesheni Rufiji ilianza mara baada ya hapo, miaka kadhaa kabla operesheni kama hizo hazijaenea nchi nzima. Shabaha yake ilieleweka: shule, zahanati na maji ya bomba haviwezi kupelekwa kwa familia zilizotawanyika katika visiwa vya tope. Faida hizo zilipatikana kwa kiasi, na hakuna mzazi ambaye angependa kurudishwa mahali pasipo na shule.

Lakini mashamba hayakuhama. Yalibaki bondeni, pengine saa mbili au tatu kwa miguu kutoka kijijini, na mara nyingi ng'ambo ya mto. Zamani mkulima alilala katikati ya shamba lake, akafukuza nguruwe mwitu, nyani, viboko na ndege. Mpunga ulioachwa peke yake usiku huvunwa na wanyama. Kwa sababu hiyo watu wengi walirudi katika desturi ya dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, maji yakipita chini yake, ambamo familia hukaa wakati wa kulinda mazao. Zamani lilikuwa sehemu ya makao. Sasa likawa makao ya pili. Baba au mama huenda bondeni kwa miezi kadhaa, na watoto wa shule hubaki kijijini na nyanya yao, au huchukuliwa bondeni na masomo hukatika. Walimu wa shule za Rufiji wanalijua jambo hili bila kuambiwa. Hulisoma katika rejesta ya mahudhurio.

Desturi hiyo ina taabu yake pia kwa mhesabu watu. Sensa za mwaka 2002 na 2012 zilifanyika mwezi Agosti, wakati ambapo kazi ya mlau imo katikati. Karani anayefuata nyumba za kijijini peke yake angezikuta nyingi zimefungwa, na wenyewe wamo bondeni.

Watu waliokosekana

Hata hivyo, takwimu za sensa hizo zinafundisha mengi. Mwaka 2002 Wilaya ya Rufiji, kabla haijagawanywa na kupatikana Wilaya ya Kibiti, ilikuwa na watu 203,102. Mwaka 2012 walikuwa 217,274. Ongezeko ni watu 14,172, yaani asilimia 7 kwa miaka kumi. Katika kipindi hicho hicho watu wa Tanzania nzima waliongezeka kutoka milioni 34.4 hadi milioni 44.9, ambayo ni asilimia 30. Kama Rufiji ingaliongezeka kwa kadiri ya taifa, ingalikuwa na watu karibu 265,000. Pana upungufu wa watu wapatao 48,000. Walikwenda wapi?

Jibu moja lingekuwa vifo. Lakini Rufiji ni miongoni mwa wilaya ambazo afya yake imechunguzwa kwa makini kuliko nyingi barani Afrika. Mradi ulioanza katika miaka ya 1990 katika wilaya za Rufiji na Morogoro ulizipa halmashauri uwezo wa kugawa fedha za afya kulingana na magonjwa yaliyowaua watu hasa, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Katika sehemu ya wilaya hiyo wahoji walipita nyumba kwa nyumba mara kadhaa kila mwaka, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Vifo, kwa hiyo, havitoshi kuueleza upungufu huo. Sehemu kubwa ya maelezo ni kuhama. Dar es Salaam haiko mbali, na tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 safari ambayo zamani ilikwama kwenye kivuko cha Ndundu siku kadhaa wakati wa masika imekuwa ya saa chache.

Wanaohama ni vijana zaidi. Kilimo cha bondeni kinahitaji mikono yenye nguvu kwa muda mfupi: kulima haraka kabla ya maji, kulinda usiku kucha, kuufuata ukingo wa maji unaporudi. Wakipungua vijana, nyumba hupunguza mashamba, na mashamba yaliyo pekee katikati ya pori huliwa zaidi na wanyama, hata jirani aliyebaki naye hukata tamaa. Ufutaji na kuuza mkaa na mbao kando ya barabara vimechukua nafasi, kwani havingoji mto. Mikeka ya ukindu inayosukwa na wanawake wa Rufiji bado husifiwa pwani nzima, lakini mkeka mmoja ni kazi ya wiki nyingi.

Wakati vijana wanatoka, wengine wanaingia. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi katika miaka ya 1990, maji yakiwa yamechukuliwa na mashamba ya mpunga ya Usangu na ardhi oevu ya Ihefu ikiwa imedhoofika. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, na baadhi wakaelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi. Wakafika Rufiji, katika bonde ambalo halikuwa na desturi ya ng'ombe. Mlau ni wa kijani wakati nyasi zote zimekauka. Ng'ombe hawana njia ya kujua kwamba ni shamba. Ugomvi uliotokea baina ya wakulima na wafugaji, ambao katika mwaka 2012 uligharimu maisha, ulianzia kwenye uhaba wa maji mamia ya kilometa kutoka hapo.

Bwawa

Wazo la kuuziba mto korongoni ni la kale. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichunguza bonde lote katika miaka ya 1950. Mwaka 1975 Bunge liliunda mamlaka ya kuliendeleza bonde, na wataalamu wa Norway pamoja na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya uchunguzi mwingi. Fedha hazikupatikana. Kazi yenyewe ilianza mwaka 2019, bwawa lilianza kujazwa mwezi Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa mwezi Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa, kila mmoja wa megawati 235, ilikuwa tayari. Jumla ni megawati 2,115, na hakuna shaka kwamba taifa lilizihitaji.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa badiliko lenyewe. Kwa wastani mto hupitisha korongoni meta za ujazo 800 hadi 900 kwa sekunde. Mwaka una sekunde zipatazo milioni 31.5, kwa hiyo maji ya mwaka mzima ni meta za ujazo bilioni 25 hadi 28. Bwawa la Julius Nyerere huweza kuweka takriban bilioni 33. Chombo ni kikubwa kuliko maji ya mwaka. Kinaweza kuyameza mafuriko madogo na ya wastani, na kuyatoa polepole kwa kipimo kinacholingana kiangazi na masika, kama mitambo inavyopenda. Tope nalo hutulia katika bwawa.

Inafuata kwamba mafuriko yatakayotoweka kwanza ni yale ya wastani, ambayo mkulima aliyategemea. Yale makubwa kabisa hayazuiliki kwa hakika namna hiyo, kwa sababu yanaweza kulikuta bwawa limejaa. Mwezi Aprili 2024, baada ya mvua nyingi za El Niño, maji yalilazimika kufunguliwa bwawani, na Rufiji na Kibiti zikapata mafuriko makubwa yaliyozamisha mashamba na nyumba. Ubishi ulitokea kama maji yale yangalikuwa mengi zaidi bila bwawa. Huenda yangalikuwa. Lakini kwa mwenye shamba swali jingine lina uzito zaidi: mwaka ambao mvua ni za kawaida, nani atayafungulia maji mpunga?

Jambo hilo linawezekana kitaalamu. Katika bonde la mto Senegal, bwawa la Manantali lililojengwa nchini Mali katika miaka ya 1980 lilitumiwa kutoa mafuriko ya kupangwa ili wakulima wa ukingoni waendelee kupanda maji yanaporudi. Katika mto Pongolo wa Afrika Kusini maji yalifunguliwa mwanzoni bila kufuata kalenda ya wakulima wala ya samaki, nayo yakaleta hasara. Katika miaka ya 1980 ziliundwa kamati za wenyeji za kushauriana juu ya siku ya kufungua. Katika mifano hii miwili gharama yake ilikuwa moja, nayo haiepukiki Rufiji. Mwendesha mitambo hutaka bwawa lijae kufikia mwisho wa masika, ili liwe na akiba ya kiangazi. Mpunga, mlau na maziwa ya samaki huhitaji maji yatolewe kwa wingi wakati ule ule, kwa majuma machache ya Aprili. Kila meta ya ujazo inayopitishwa kando ya mitambo ni umeme usiozalishwa, na unaweza kukadiriwa kwa shilingi. Thamani ya upande wa pili, yaani magunia ya mlau, perege wa ziwa Zumbi, na vijana ambao hawakuhama, haijaingia kwa urahisi katika daftari lile lile, kwa kuwa sehemu yake kubwa huliwa nyumbani na haipiti sokoni.

Shule zilizo karibu na mto zinaweza kuanza kulijaza daftari hilo. Mti uliopigwa alama kwa sentimeta na kusimikwa ukingoni mwa ziwa husomwa kwa dakika mbili kila asubuhi, na wanafunzi hujua tayari ni lini familia zao zilipanda na zilivuna magunia mangapi. Alama za Machi hadi Juni, zikiandikwa kila mwaka pamoja na mavuno ya Septemba, zitaonyesha kimo cha maji ambacho chini yake mlau haupandiki.